Sinendet ya Mwalimu wa Hisabati

Kambi ya barabara, Marsabit
9 Februari 2025

Dada yangu Chepkosgei,

Chamgei. Leo ni mwaka mmoja na miezi minne tangu nitoke nyumbani, na ukiniuliza habari za huku, ni vumbi. Tunasaga mawe ya barabara kuanzia jua likichomoza. Mlingoti wa simu ulioangushwa na upepo mwezi wa tisa bado umelala chini, hakuna anayeuliza. Simu ya nyapara ni ya kutangaza kifo tu. Kwa hivyo usichoke kuandika. Barua ziache pale dukani kwa Gachanja hapo Sotik, Gekara dereva atazichukua akienda kwao Keroka. Ni mtu wa maneno mengi lakini barua hapotezi.

Mama anaendeleaje na goti? Bado anachuma chai peke yake? Mwambie ile sehemu ya mteremko aiache, mvua ikinyesha pale ni utelezi mtupu. Hatasikia, lakini mwambie.

Sasa nije kwa jambo lenyewe. Kadi yako niliipata Jumatano, nikaisoma nimesimama. Umechaguliwa kati ya walimu watano, nchi nzima, kwa tuzo ya mwalimu bora wa hisabati wa vyuo! Mimi niliyeacha shule darasa la saba nikikimbia desimali ni ndugu ya huyo mtu. Nilimwonyesha Gekara. Akasema, "Kwani kuna tuzo ya hesabu? Mimi nilidhani wanaoijua wanaadhibiwa kwa kuifundisha."

Uliandika pia kwamba mikataba ya walimu kama wewe inaisha mwaka huu, na kwamba mkuu wa chuo amesema ukishinda atakupigania uajiriwe kazi ya kudumu. Hilo ndilo nimelishika. Miaka yote hiyo unafundisha kwa mkataba wa kuongezwaongezwa. Ukiajiriwa, mimi naacha mawe. Nasema wazi, naacha siku hiyo hiyo.

Mama nimemwandikia barua yake kando. Gekara ataipeleka kwa Baba Mdogo Aron amsomee. Nimewaambia wakuandalie vizuri. Mtu wa kwetu hawezi kufika fainali halafu apokelewe kama ametoka sokoni.

Ndugu yako,
Kipruto

*

Sotik
16 Februari 2025

Kaka Kipruto,

Habari za siku nyingi. Mama yuko. Goti linamuuma akipanda kilima, na akishuka anasema lilikuwa la mtu mwingine. Ng'ombe mwekundu amezaa ndume na Mama amemnunia kana kwamba alifanya makusudi. Jua limezidi, chai imekauka ncha, lakini wanasema mvua iko karibu. Baba Mdogo Aron anakusalimu.

Nakuandikia haraka. Ile kadi niliiandika kwa furaha na sikumaliza. Mambo ya tuzo hii ni siri mpaka mwisho. Majaji wanakuja darasani bila taarifa, siku yoyote kabla ya Juni, wanakaa nyuma kama wanafunzi wageni. Mwalimu akijitangaza, au watu wake wakimtangaza, jina lake linaondolewa. Mwalimu Wambugu, mkuu wa idara yetu, ndiye aliyenipendekeza. Aliniita kando akaniambia, "Chepkosgei, hata mto unaolalia usijue." Nami nilikuwa tayari nimekuandikia wewe! Nikamwambia ni kaka yangu tu, na yuko mbali, hana hata mtandao. Akacheka. "Basi huyo ni salama."

Kwa hivyo usimwambie mtu. Mama zaidi ya wote. Unamjua Mama.

Nikuambie jambo moja la darasa kisha nifunge. Wiki iliyopita niliwatoa wanafunzi wangu wa ufundi bomba nje, tukaenda kwenye chai iliyo nyuma ya chuo tupime mwinamo wa kilima kwa kamba na chupa ya maji. Kuna mmoja anaitwa Nyagaka, mtu mzima, ana mke, amefeli mtihani wangu mara mbili. Akachuchumaa katikati ya mistari ya chai akasema, "Mwalimu, hii x imeniwinda tangu darasa la sita. Kumbe ilikuwa inakaa huku?" Halafu akakokotoa kilima chote bila kufungua kitabu. Nilirudi ofisini nikakaa tu. Siku kama hiyo ndiyo naitaka tena, na naogopa kuikosa kuliko nilivyokuambia.

Bado unakohoa?

Chepkosgei

*

Kambi ya barabara
9 Machi 2025

Dada,

Sina salamu ndefu. Lori lilivunjika ekseli huko njiani, Gekara amefika jana, na barua yako nimeisoma sasa hivi. Safari ile ile aliyochukua barua yako ya "usimwambie Mama" ndiyo aliyompelekea Aron barua ya Mama. Nimemuuliza, "Uliipeleka kweli?" Akajibu kwa kujisifu, "Nilimkabidhi mkononi, pale kituo cha kupimia chai. Watu walikuwa wengi, wakanipa na maziwa."

Nilikimbia kwa nyapara kuomba simu. Akaniuliza, "Nani amekufa?" Nikasema hakuna. Akasema, "Basi." Dada, nilitaka kumwambia Mama amekufa ili anipe hiyo simu. Nikageuka nikarudi kwenye mawe.

Niambie hakuna kilichotokea. Niambie Aron alisahau miwani.

Kipruto

*

Sotik
30 Machi 2025

Kaka,

Mama hajambo. Mvua imeanza, chai imerudi kijani, na tunachuma mara mbili kwa wiki. Kule Chebunyo kwa shangazi wamepanda mahindi. Nimeanza na haya kwa sababu yanaandikika.

Aron hakusahau miwani.

Barua yako ya Februari niliipata kwa Gachanja mwezi huo huo, Jumanne jioni. Nilipofika pale uliposema "Mama nimemwandikia", nilitoka dukani bila kuaga. Nilichelewa. Nimesimuliwa na kila mtu aliyekuwa kwenye foleni siku hiyo, kwa hivyo ni kama nilikuwepo. Mama alimwambia Aron aisome hapo hapo, na majani bado yako kwenye mifuko.

"Kati ya watano," Aron akasoma.

"Watano wa wapi?"

"Wa nchi nzima, mama Kipruto."

"Na walioanza mbio ni wangapi?"

"Haijasema. Walimu wote wa hesabu wa vyuo vyote."

Karani wa mizani akaacha kupima. "Hiyo ni fainali," akasema. "Mtu wetu akishaingia fainali, nyinyi mnangoja nini?"

Mama akacheka mpaka akakaa juu ya mfuko wa majani. Hapo tu mambo yalikuwa yamekwisha. Unajua watu wetu. Wamezoea vijana wanaokimbia. Mtu akiwa kati ya watano wa nchi nzima, sinendet ya kumvisha mshindi shingoni inaenda kukatwa msituni, na hakuna anayeuliza kama ni mbio au ni hesabu.

Usiku huo nilimwambia Mama ni siri. Akanitazama. "Kwani umeiba?" Nikamwambia matokeo bado. Akasema, "Wewe tangu utotoni huwezi kusema jambo mpaka ulipige hesabu. Sisi tumeshaona." Nikaenda kwa Aron. Akaniambia wa kuchinjwa tayari amechaguliwa: ng'ombe mwekundu ameokolewa na ndama wake wa juzi, watachinja ndume mkubwa wa jirani.

Jumamosi nilitoka Sotik na maneno ya kukataa yakiwa yamepangwa. Nilikuwa nayo mpaka langoni. Kulikuwa na watu hadi barabarani, kwaya ya kanisa, na mtu mmoja anayetafuta kiti uchaguzi ujao amekuja na spika zake. Alikuwa akipaza sauti, "Bingwa wa hesabu wa dunia! Dunia nzima!" Mama alikuwa mbele na sinendet mkononi, na kibuyu cha maziwa ya mursik kwapani. Kaka, Mama hajawahi kumvisha mtu sinendet. Baba alikufa kabla hajapokelewa kwa lolote. Wewe uliacha shule. Kwetu hakuna aliyekimbia. Miaka yote amekuwa akienda kuimba kwenye malango ya watu wengine. Alininyooshea mikono na vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa chai, na akasema polepole ili wengine wasisikie, "Inama, wewe ni mrefu."

Nikainama. Nikanywa maziwa. Simu zote zilikuwa juu zikipiga picha.

Jumatatu Mwalimu Wambugu aliniita. Kamati ya tuzo ilikuwa imeziona picha. Walinitaka nieleze kwa maandishi. Wambugu alikaa nami ofisini akitafuta njia.

"Andika walikulazimisha."

"Hawakunilazimisha."

"Basi andika hukujua."

"Nilijua tangu Jumanne."

"Wewe mama! Hii si hesabu. Hakuna anayekagua kazi yako mstari kwa mstari!"

Niliandika kwamba nilivishwa na mama yangu na nilikubali. Wiki jana wamejibu. Jina langu limeondolewa. Sasa wako wanne.

Mama hajui. Kila Jumapili anasimama kanisani kushukuru. Usimwandikie.

Chepkosgei

*

Kambi ya barabara
11 Mei 2025

Chepkosgei,

Natumai mko wazima. Huku tumepata mvua ya siku moja, ikabomoa barabara tuliyokuwa tumeijenga, tukaanza upya.

Kwa nini hukuandika ni mimi? Jina langu ni fupi. Ungesema, kaka yangu Kipruto, mtu wa mawe, aliyeishia darasa la saba, ndiye aliyeita watu. Wangeniona mjinga na wewe ungebaki. Mimi kuonekana mjinga hakunipunguzii kitu. Ulikuwa na mtu wa kumtupia lawama, na mtu mwenyewe angefurahi kuibeba, ukakataa.

Sijalala vizuri tangu barua yako. Namwona Mama amekaa juu ya mfuko wa majani akicheka.

Mwambie. Kila Jumapili inayopita inafanya iwe vigumu zaidi. Na hukusema neno lolote juu ya mkuu wa chuo na ile kazi ya kudumu. Amesemaje?

Kipruto

*

Sotik
20 Julai 2025

Kaka,

Salamu nyingi. Kumekuwa na baridi ya Julai, ile ya kuingia kwa mifupa, na chai inakua polepole. Ng'ombe mwekundu anatoa maziwa vizuri. Aron alipelekwa hospitali na presha lakini amerudi na anagomba kama kawaida. Nelvine wa Aron amepata mchumba huko Kipkelion, mtu wa kanisa letu, wanapanga kuja kuzungumza Desemba.

Tuzo ilitolewa mwezi jana. Alishinda mama mmoja wa chuo cha Pwani. Kuna video ya somo lake, nikaitazama yote. Anafundisha wanafunzi wa ubaharia jinsi ya kupata umbali wa kitu usichoweza kukifikia. Nilitaka awe mbaya. Ni mzuri sana. Nimeiba njia yake moja na inafanya kazi.

Mama nilimwambia tuzo hizi zinachelewa kufika kwa mkono. Akasema hana haraka, yeye alishanivisha.

Naendelea kufundisha. Usiwe na wasiwasi.

Hukunijibu kuhusu kikohozi. Ni mara ya ngapi nakuuliza?

Chepkosgei

*

Kambi ya barabara
7 Septemba 2025

Chepkosgei,

Wazima? Mimi nipo.

Gekara amerudi jana. Alipokuwa akinipa barua zingine aliniuliza, "Dada yako ameanza biashara ya mbolea?" Nikamwuliza kwa nini. Akasema alipita kwa Gachanja saa nne asubuhi, siku ya kazi, akakukuta ghala ya nyuma, umekaa kwenye magunia, na chaki mkononi. Umeandika kwenye mlango wa mabati. Anasema kulikuwa na watu wachache wamekaa chini. Anasema ulipomwona ulifuta.

Nimesoma tena barua yako ya Julai. "Naendelea kufundisha." Hukusema wapi.

Mimi sijui kusoma maneno yaliyo katikati ya maneno. Niambie.

Kipruto

*

Sotik
12 Oktoba 2025

Kaka,

Mama mzima. Sitaandika habari zingine leo.

Mkataba wangu uliisha mwisho wa Juni. Mkuu wa chuo aliniita, akazungumza vizuri. Alisema picha zile zimeaibisha chuo, na kwamba kama ningeandika kama Wambugu alivyonishauri angekuwa na la kusema mbele ya bodi. Akanipa mkono. Mwalimu Wambugu hakuwa ofisini siku hiyo. Wananiambia aliondolewa kwenye kupendekeza watu, na kila anaponiona Sotik anavuka barabara. Simlaumu. Aliniambia mto usijue.

Hawajaleta mwalimu mwingine. Mtihani wa taifa ni Novemba. Nyagaka ndiye aliyenitafuta kwanza, akisema, "Mwalimu, umetufikisha katikati ya mto na sasa umepanda ukingoni?" Nikamwambia mimi ndiye niliyesukumwa. Akasema mto haujali. Gachanja akatupa ghala bila kodi, anasema tu tusiguse dawa za kupe. Walianza wengi. Mvua ilipozidi, na mabati yakipiga kelele hata hawanisikii, wakapungua. Sasa anakuja Nyagaka na msichana mmoja wa ushonaji, na siku nyingine ni Nyagaka peke yake.

Kila asubuhi Mama ananijazia chupa ya chai. Ananifungulia lango. Ananiambia, "Nenda ukawape hesabu." Natembea mpaka kona nikijua ananitazama. Kaka, kona hiyo ninaiogopa. Nikiipita ninasimama kidogo nikishika ua wa watu.

Nimejaribu kumwambia. Jumapili moja nilianza kabisa. Nilisema, "Mama, ile tuzo." Akanikatiza, akasema kwa mara ya kwanza tangu Baba afe analala bila kuamka. Nikamwuliza kama anataka uji.

Mtihani ukiisha sitakuwa na mahali pa kwenda asubuhi. Sijui nitaenda wapi na chupa hiyo ya chai. Nimetuma maombi vyuo vingine. Vyote vinajua picha.

Sasa nimejibu. Nijibu na wewe. Kikohozi.

Chepkosgei

*

Kambi ya barabara
16 Novemba 2025

Dada yangu,

Barua yako imefika Ijumaa. Nimekaa nayo siku mbili.

Kikohozi hakikuisha. Mwezi wa saba kilianza kutoka na damu. Daktari wa kambi alisema ni vumbi la mawe limekaa kwenye mapafu, na akaandika nisikaribie mashine tena. Wakanipa kazi ya kulinda tangi la maji. Nalinda maji na hakuna mtu anayeyataka, ni chumvi. Wiki hii nyapara amenisomea majina ya wanaobaki mwaka ujao na langu halimo. Sikukuambia kwa sababu nilijua ungeacha kila kitu ukaanza kunitafutia hospitali, na pia kwa sababu nilikuwa nimesema nitarudi siku utakapoajiriwa. Niliona aibu kurudi kwa njia nyingine.

Kwa hivyo tumefika pamoja. Wewe huna chuo, mimi sina mawe. Sina mpango wa kukupa. Nimeutafuta siku hizi mbili nikitazama tangi, sijaupata.

Lakini Mama nitamwambia mimi. Wewe huwezi, na sikulaumu, uliinama mbele yake na mimi sikuwepo. Barua ile ilikuwa yangu. Nitamkalisha kabla watu hawajajua nimefika, nimweleze kwamba matokeo hayakuwa yametoka, kwamba tulikimbilia kusherehekea, mimi nikiwa wa kwanza, na kwamba walipokutaka utukane mikono yake kwa maandishi ulikataa na hiyo ndiyo iliyokufukuzisha kazi. Ataumia. Anaweza kuniambia nirudi nilikotoka. Anaweza kuacha kwenda kanisani kwa muda, akiona kila mtu anamwangalia. Usingizi wake utaondoka, na ni sisi tutakaomsikia akitembea usiku. Lakini sitaki afungue lango asubuhi nyingine akimtuma mtoto wake asikokwenda. Hiyo siwezi kuibeba, na nimebeba mawe.

Mwambie Nyagaka namtakia mema kwenye mtihani. Kama atafaulu usiniandikie, nitasikia nikifika.

Barua hii Gekara anaileta kesho, akirudi tutaondoka na lori tarehe nne Desemba. Tutalala Isiolo na Nakuru. Atanishusha Sotik Jumamosi, tarehe sita, asubuhi, na natarajia kuwa nyumbani kabla Mama hajatoka kwenda shambani. Siku hiyo usiondoke. Kaa jikoni naye, unisubiri.

Kipruto